Bunduki Iliyosema "Wewe"

Fundi alikuwa akiogopa mlio wa bunduki. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyemjua huanza nalo, na nikiliacha mtasema namsitiri jirani yangu. Mtu aliyefungua bunduki, akazisafisha, akazinyoosha na kuzifunga tena miaka yote ile ya Mwingereza, nyuma ya soko la Kariakoo, hakupata kufyatua hata moja. Mteja akitaka kuijaribu yake, Fundi alimwambia, "Nenda nayo Ukonga, baba, uipige huko mwenyewe. Ikikataa nirudishie." Mteja akishakunja kona, Fundi alichukua pamba akaziba masikio, ingawa kutoka pale mpaka Ukonga ni mwendo wa kumchosha punda. Pamba hiyo aliitoa jioni.

Mimi nilikuwa nakaanga vitumbua kwenye baraza lile lile alilofanyia kazi. Nyumba ilikuwa ya udongo, paa la madebe yaliyonyooshwa, na baraza tuligawana kwa jamvi: huku jiko langu, kule meza yake. Yeye alilalamika kwamba mafuta yangu yanarukia chuma chake. Mimi nililalamika kwamba vumbi la tupa yake linarukia unga wangu. Sote tulisema kweli. Wako watu wa Kariakoo waliokula chuma bila kujua, na ziko bunduki zilizokwenda Mahenge zikinukia iliki.

Alikuwa mtu mfupi, na hakukubali. Alisema viti vya mji huu vimechongwa na watu warefu kwa chuki. Alivaa gunia la mchele kifuani kama aproni, maandishi ya gunia yakiwa yamepinduka, kwa hiyo ukitaka kusoma ulimsubiri ainame. Miwani yake ilikuwa na kioo kimoja. Jicho lililokosa kioo alilifumba akifanya kazi, na kwa kulifumba miaka mingi likazoea, likawa linafumba lenyewe hata akikusalimu. Wanawake wageni wa mtaa walidhani wanakonyezwa. Mume mmoja, mpakia mizigo mwenye shingo kama kinu, alikuja kumpiga, Fundi akamtazama kwa huruma, jicho likafumba, na yule bwana akarudi nyuma hatua mbili akasema, "Hata mimi?" Wakawa marafiki.

Bunduki hakukisia hata siku moja. Watu aliwakisia kutwa nzima, na kila mara alikosea. Mtu akipita alisema, "Yule katoka Tanga, tazama anavyokanyaga," na yule kumbe kazaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na Tanga hajaiona. Mwarabu aliyeuza tende na chumvi ng'ambo ya barabara aliambiwa na Fundi kwamba babu zake wote walikuwa mabaharia, inaonekana kwa mabega. Mwarabu yule alikuwa akitapika kwenye kivuko cha Kigamboni kabla kamba haijafunguliwa. Lakini ukimletea Fundi bunduki na kumuuliza ya nani, ya wapi, kama hajui alisema, "Sijui," na alilisema kwa furaha, kama mtu anayekuonyesha mtoto wake. "Sijui ni neno zuri," aliniambia. "Halishiki kutu."

Basi siku moja ya Jumanne, asubuhi, alikuja mama mmoja kutoka Pugu na mzigo wa kuni kichwani. Alikuwa mrefu, mwembamba, kanga zake zimefifia kwa kufuliwa, na alitua mzigo ule barazani kwetu kwa uangalifu ambao kuni hazihitaji.

"Shikamoo, mama," nikamwambia. "Kuni tunazo."

"Marahaba, mwanangu. Hizi si za kuuza." Akafungua kamba, akaondoa vijiti vya juu, na katikati mle, imeviringishwa kanga, mlikuwa na bunduki ndefu ya kuwindia. "Nimeona nikiibeba wazi, watu watanisalimu kupita kiasi."

Habari yake aliieleza akila kitumbua. Mumewe alikuwa mwindaji. Kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza alikuwa akimfuatishia nyayo za wanyama mzungu mmoja wa shamba la mpira, na mzungu yule alipokimbia alimwachia bunduki badala ya kwaheri. Mume alifariki, masika mawili yamepita. Tangu hapo nguruwe wa msitu wa Pugu walikuwa wanamlia muhogo wake kama waliomposa. Yeye alijua kupiga, mumewe alimfundisha. Lakini cheti kilikuwa cha marehemu. Alikwenda ofisi ya silaha kule Uzunguni, akamkuta Bwana mpya, kijana, mwenye adabu, ambaye hakuona ubaya kumwandikia mwanamke cheti kwa kuwa, alisema, nguruwe hawabagui. Tatizo lilikuwa karatasi. Karatasi ilikuwa na mahali pa kuandika nani aliyeitengeneza bunduki na ya nchi gani, na Bwana mpya hakuacha mahali patupu.

"Karani wake akaniambia, bunduki isiyo na baba haiandikwi," alisema mama wa Pugu. "Nikimletea jina Jumamosi, naondoka nayo. Nisipoleta, nimkabidhi, itapakiwa pamoja na nyingine mbovu ikatupwe baharini. Mimi na muhogo wangu tutaonana na nguruwe."

Fundi alikuwa ameshaipokea. Aliishika mapajani kama anavyopokewa mtoto wa jirani, akaifumbia jicho.

Lazima niseme kwamba Fundi alianzia puani. Alikuwa na imani kwamba chuma hakisahau nyumbani kwao. Bunduki ya Mwingereza, alisema, inanukia kondoo aliyelowa. Ya Mbelgiji inanukia mshumaa. Ya Mjerumani inanukia kabichi. Nilimuuliza lini amenusa kondoo aliyelowa wa Uingereza, akanijibu, "Kila wanapoleta bunduki zao, jirani." Basi akainusa ile bunduki kuanzia mdomoni, taratibu, akashuka nayo, hmm, hmm, mpaka kwenye kitako cha mti. Hapo akapiga chafya. Akapiga ya pili. Alipiga saba, na ya saba ilimwangusha kutoka kwenye kiti.

"Nchi hii siijui," alisema akiwa chini, akijifuta macho.

"Uturuki," akasema Mwarabu wa dukani, aliyekuwa ameshavuka barabara bila kufunga duka.

Baada ya pua likaja jicho. Juu ya mtutu, karibu na mahali pa kutilia risasi, palikuwa na alama ndogo iliyosuguliwa na miaka na mikono: kitu chenye tumbo, chenye mkia, na labda mdomo. Fundi aliitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Kuku," alisema.

"Kuku!" Mwarabu akacheka. "Kuku wapi? Huyo samaki. Huoni mapezi?"

"Hayo mabawa."

"Mabawa yako chini ya tumbo? Kuku huyo kalala chali?"

Mpaka adhuhuri mtaa wetu ulikuwa umegawanyika. Muuza kahawa alikuwa samaki. Washona mikeka wawili wa nyumba ya nyuma walikuwa kuku. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja akatazama, akasema ni mfinyanzi wa chungu akiwa amechuchumaa, akabaki peke yake na rai yake. Watu walionunua vitumbua waliniuliza kwanza mimi ni wa wapi, na nilipojibu kuku, mtu mmoja wa samaki alirudisha kitumbua alichokwisha kukiuma.

Ni mimi niliyetoa unga. Sisemi kwa kujisifu, ingawa nikijisifu mtanisamehe. Nilimwona Fundi akihangaika na maandishi yaliyofuata nyuma ya ile alama, yamelika, hayaonekani ila kama mikwaruzo, nikakumbuka jinsi unga wa mchele unavyokwama kwenye mistari ya kiganja changu. Nikachota, nikapaka, nikafuta kwa kitambaa. Unga wa juu ukaondoka, wa mashimoni ukabaki, mweupe pe. Herufi tatu zikatoka kama meno.

Kusoma nilijifunza kwa kaka yangu. Nikasoma.

"Wewe," nikasema.

"Mimi nini?" akauliza Fundi.

"Wewe. Imeandikwa wewe. Herufi moja imepotea, lakini ni wewe."

Fundi akainama akasoma mwenyewe: W, w, e. Akaninyanyulia uso. Nilimwona rangi imemtoka. "Nimeuliza nani kaitengeneza," alisema polepole, "na bunduki imenijibu wewe."

Sikufanya tena maishani biashara kama ya Jumatano ile. Habari ilikuwa imefika mpaka Mchikichini kwamba kuna bunduki nyuma ya soko inayojibu maswali. Mtu alikuja na mkewe, akauliza kwa sauti ili watu wasikie, "Nani mvivu katika nyumba yetu?" Nikapaka unga, akasoma mwenyewe, na mkewe akapiga vigelegele mpaka Msimbazi. Mwingine alikuja kuuliza nani kamwibia jogoo wake. Aliposoma alikasirika kweli kweli. "Nimwibe jogoo wangu mwenyewe? Bunduki gani hii isiyo na akili?" Akaondoka akitukana chuma.

Mama wa Pugu alilala kwangu siku zote zile. Mchana alikaa pembeni ya baraza, kitako cha bunduki kwenye goti lake, akiitikia salamu. Alicheka mambo ya watu, lakini nilimwona akihesabu siku kwa vidole chini ya kanga. Na Fundi hakucheka hata kidogo. Watu walimpongeza kwa bunduki yake ya miujiza, naye alijibu, "Si miujiza. Ni neno tusilolijua." Jioni ya Jumatano alikuja upande wangu wa jamvi, jambo ambalo hakulifanya isipokuwa kwa moto au msiba.

"Jirani, nataka kuifungua. Chini ya mti, mahali ambapo mikono haifiki, alama hazisuguliwi. Jina zima litakuwa huko. Mama hataki."

Ni kweli, hakutaka. Tulimuuliza tena Alhamisi asubuhi. "Marehemu alinikataza," alisema. "Aliniambia, bunduki hii mtu yeyote akifungua kitako, itakosa shabaha mpaka kiama. Aliapa. Kila mwaka alinikumbusha."

"Bunduki haina tabia hiyo, bibi," alisema Fundi.

"Yake ilikuwa nayo."

Fundi akaketi chini sakafuni ili awe sawa naye. "Bibi, nisikilize. Mume wako sikumjua, lakini bunduki yake naijua siku tatu sasa. Ilipakwa mafuta kila wiki. Haina kutu ndani hata chembe. Aliyeitunza hivi hakuitunza ili samaki wa Mwarabu huyu waogelee ndani yake baharini." Mwarabu akaguna. "Nikiifungua ikaharibika, nitakuja Pugu mimi mwenyewe niwafukuze nguruwe kwa fimbo. Na mimi naogopa nguruwe pia."

Mama wa Pugu akaifuta bunduki kwa ncha ya kanga. Kisha akamkabidhi.

Ile skrubu ya nyuma ya kitako iligoma, ikapigwa mafuta ya vitumbua, ikagoma, ikaombewa dua na mwalimu wa chuo, ikazunguka. Kifuniko cha chuma kikatoka. Ndani ya mti mlikuwa na shimo lililochongwa vizuri, na shimo lilikuwa limeshindiliwa kitu cha rangi ya udongo. Fundi akaingiza pua.

Nasikia mpaka leo chafya zile. Alipiga Fundi, nikapiga mimi, akapiga Mwarabu, ikawa kama jeshi linajibizana. Ugoro! Ugoro mkavu, mwingi, uliokolea, umepakiwa mle kwa ufundi wa mtu mwenye siri.

Mama wa Pugu alichukua kidogo kwa ncha ya kidole, akanusa, na uso wake ukawa kama wa msichana. "Aliniapia," alisema. "Nilipokubali kuolewa nilimwambia, ugoro au mimi. Akaniapia ameacha. Maisha yetu yote kaacha! Nikimuuliza macho mekundu ya nini, ananiambia vumbi la nyati." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika mbavu, na katikati ya kicheko machozi yakaja ya aina nyingine, nasi tukatazama pembeni. "Mwongo wewe," aliiambia bunduki. "Mwongo wangu wewe."

Sasa alikuwa tayari. Fundi akafungua skrubu zilizobaki, akautoa mtutu kwenye mti kama mtu anavyomtoa samaki mfupa. Chini mle chuma kiling'aa kama kimetoka kutengenezwa jana. Alama ilikuwepo, kamili, na alikuwa kuku: tetea mnene, kasimama juu ya kilima, kidevu juu kama mke wa liwali. Watu wa kuku walishangilia. Mwarabu alisema samaki pia anaweza kusimama juu ya kilima akitaka, lakini alirudi dukani kwake.

Fundi alikuwa na daftari ambalo hakumruhusu mtu kulishika. Kila bunduki iliyopita mezani alipaka alama zake masizi ya taa, akabandika karatasi, akachukua chapa yake. Alilifungua sasa, akalamba kidole, akafunua, akafunua, mpaka akamkuta tetea mwingine, na mwingine, wote juu ya kilima, na pembeni ameandika kwa kalamu ya risasi: Suhl, Ujerumani. Ni mji wa mafundi, alinieleza, kila nyumba karakana, kama mtaa wetu ungekuwa wote wanakaanga vitumbua.

"Kwa hiyo nchi tunayo," nikasema.

"Nchi tunayo." Akasogeza jicho lenye kioo. Chini ya tetea yalikuwapo yale yale, Wwe, na nukta, na baada yake jina refu la Kijerumani, herufi zimebanana kama mbaazi kwenye ganda. Sikuweza kulitamka siku ile na leo sijaribu.

"Na jina tunalo! Andika hilo refu, mama aende zake."

"Na hii Wwe?"

"Iache."

"Jirani," alisema, kwa ukali ambao sikuuzoea, "jina la mtu halikatwi kichwa. Labda ni mwanawe. Labda ni ndugu waliogombana, huyu katengeneza, yule hakutengeneza. Tutaandika uwongo kwenye karatasi ya serikali, na yule aliyekaa akaichonga bunduki hii apotee? Sijui maana yake. Sitaandika nisichojua."

"Nani basi anajua?"

Alijua, nami nilijua, na Kariakoo nzima ilijua. Aliyejua Kijerumani alikuwa Dobi.

Dobi alikaa pale kona, nyumba ya nne. Zamani alifua mashuka ya hospitali ya Wajerumani kule baharini, na lugha yao alitoka nayo pamoja na pasi mbili. Yeye na Fundi walikuwa hawasemezani mwaka wa tatu huo. Chanzo kilikuwa sherehe ya Mfalme, mizinga ilipopigwa ufukweni. Ule wa kwanza tu ulipolia Fundi alizirai, na aliangukia tenga la Dobi lililojaa makoti meupe ya mabwana, yameshapigwa pasi, yanasubiri kuvaliwa. Kosa hilo Dobi angelisamehe. Ila alilisimulia. Alilisimulia sokoni, msikitini, kwenye arusi, na kila akisimulia Fundi alianguka kwa sauti tofauti. Tangu hapo wakikutana njiani kila mmoja aligundua kitu cha kuangalia mbinguni.

Ijumaa baada ya sala Fundi aliinuka, akavua gunia, akavaa kanzu. Tukaenda watatu, yeye, mimi na mama wa Pugu aliyebeba mtutu kwenye kanga. Dobi alikuwa uani anapiga pasi, jitu refu jembamba, jasho linamtiririka.

Fundi akasimama hatua tatu kutoka kwake, akanigeukia mimi. "Mwambie Dobi nimekuja kwa heri."

"Dobi," nikasema, "Fundi anasema kaja kwa heri."

"Mwambie Fundi nimesikia, mimi si kiziwi."

"Mwambie kama si kiziwi, basi asikie. Kuna neno."

"Mwambie maneno yapo mengi."

Mama wa Pugu alinivuta kanga. "Hawa wanasema lugha gani?" aliniuliza. "Mbona mimi nawaelewa wote wawili?"

Hapo Fundi aliona aibu. Akapiga hatua zile tatu, akasimama chini ya kidevu cha Dobi, akanyanyua uso. "Dobi, ndugu yangu. Kuna jambo silijui, na wewe unalijua. Naomba unifundishe."

Pasi ilikuwa imesahauliwa juu ya shati la mtu. Tuliona moshi kabla hajaona yeye. Dobi akaiondoa, akalitazama shati, akalikunja upande ulioungua ndani, akasema, "Leta."

Alisoma mara moja tu. "Hili neno limefupishwa," alisema. "Zima lake ni Witwe. Maana yake mjane."

Fundi akavua miwani yake, akaifuta kwa kanzu.

"Kwao huko," aliendelea Dobi, "fundi akifa na mkewe akaishika karakana, anaandika hivi mlangoni na kwenye kazi zake. Mjane wa fulani. Ili watu wajue mwenye kazi sasa ni yeye. Hospitali tulikuwa na sanduku la sabuni limeandikwa hivi hivi."

Mama wa Pugu alikuwa ameshika mdomo. "Mwanamke? Bunduki hii kaitengeneza mwanamke?"

"Mwenye karakana ni mwanamke."

"Mjane kama mimi?"

"Kama wewe," akasema Fundi, kisha akasikia alichosema, na wote wanne tukalipuka kicheko hata mwenye shati alipoingia kuchukua nguo yake hakupata wa kumgombeza.

Jumamosi tulikwenda Uzunguni wanne, Dobi akiwa amejialika mwenyewe kama mkalimani. Karani alitupitisha ndani. Bwana mpya alikaa nyuma ya karatasi yake, wino tayari, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka kama rula.

"Ni nani aliyetengeneza bunduki hii?"

Fundi, ambaye alikuwa amejiandaa njia nzima, alisogea mbele, akaweka kidole kwenye alama, akasema kwa heshima, "Wwe, Bwana."

"Mimi?"

"Wwe."

Bwana akamtazama Karani. Karani akatazama dari. "Mimi sijatengeneza bunduki," alisema Bwana, akiwa na wasiwasi kidogo. Dobi akaingia na Kijerumani, ambacho Bwana hakukijua, akatoka nacho, akaeleza kwa Kiswahili. Bwana akasikiliza mpaka mwisho. Alitazama mtutu, akatazama chapa za masizi kwenye daftari la Fundi, karatasi kwa karatasi, akasahau kwamba tumesimama. Kisha akaandika, na Karani akatusomea: Mjane wa fulani, jina zima refu na kichwa chake, Suhl, Ujerumani. Mmiliki: mjane, Pugu.

"Sasa tuone kama anajua kupiga," akasema Bwana.

Hilo hatukuliwazia, lakini Fundi aliurudisha mtutu kwenye mti wake, akakaza skrubu. Nyuma ya ofisi palikuwa na uwanja unaoishia kwenye tuta la mchanga, na askari akaweka debe juu ya gogo. Nilimtafuta Fundi. Pamba alikuwa ameiacha kwenye gunia, nyumbani. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Mama wa Pugu alijifunga kanga kiunoni, akainua bunduki, na nikasikia Dobi akisogea nyuma ya Fundi kimya kimya, akampitishia mikono makwapani.

Debe liliruka kama limeitwa. Fundi alizirai papo hapo, lakini hakuanguka. Dobi alimning'iniza wima, miguu inagusa chini kidogo tu, kama kanzu kwenye kamba, na Bwana alipogeuka alimpa mkono, Dobi akaunyanyua mkono wa Fundi kwa nyuma ukapokea. Alizinduka tukiwa tumeshafika Mnazi Mmoja.

Jioni hiyo Dobi alitangaza sokoni, msikitini na kwenye arusi moja kwamba bunduki ililia hatua tano kutoka kwa Fundi, naye akabaki amesimama. Hakuna neno la uwongo humo. Mama wa Pugu alirudi kwake kesho yake na cheti kifuani, mzigo wa kuni kichwani kwa mazoea. Kabla ya kuondoka aliniuliza kama kule Suhl kuna nguruwe. Nikamwambia nadhani wapo kila mahali. "Basi mwenzangu alijua anachokifanya," alisema.

Fundi aliendelea miaka mingi baada ya hapo. Sikupata kujua kwa nini hakuoa, wala alikula wapi Ijumaa. Alikuwa mchoyo wa sukari na mkarimu wa kila kitu kingine. Aliwasamehe watu haraka, lakini alimchukia paka mmoja wa soko mpaka paka akafa, na siku hiyo hakufanya kazi. Mwishoni macho yalimwishia, hata lile lenye kioo, akafunga meza, akampa Dobi daftari alitunze, akahamia kwa mpwa wake upande wa Ilala. Jamvi la katikati nililiondoa. Baraza likawa kubwa mno.

Mara ya mwisho nilimwona Kivukoni. Nilikuwa nimekwenda mnadani kununua samaki, natembea kando ya maji na kapu langu, nikasikia kengele na makelele nyuma. Nikageuka. Alikuwa Fundi, juu ya baiskeli. Mzee yule, asiyeona vizuri, kanzu imepanda magotini, ndevu nyeupe zimegawanyika kwa upepo, anateremka barabarani kwa kasi ambayo si ya mtu mwenye akili, na watu wanaruka huku na huku na matenga yao.

"Fundi!" nikapiga kelele. "Fundi, shikamoo! Simama tusalimiane!"

Alinijua kwa sauti. Aligeuza kichwa, baiskeli ikayumba, akairudisha, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikupata kuiona mezani kwake hata siku moja.

"Marahaba, jirani!" alijibu akinipita. "Kusimama bado sijafundishwa! Nikijua nitarudi!"

Nikabaki nimesimama na kapu langu, nikicheka, nikimsubiri. Kengele ilisikika mpaka kwenye kona, kisha ikasikika kidogo tena baada ya kona.